Kabla ya kumwita mtoro, muulize analalaje

Kwenye kliniki yetu ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, CTC kama tunavyoiita wote, aliyepitisha tarehe ya kuchukua dawa anaitwa mtoro. Jina lake linaingia kwenye orodha, anapigiwa simu, na akifika swali la kwanza ni "Ulikuwa wapi?" Mimi nimewahi kuwa kwenye orodha hiyo. Leo nimekuwa WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, nakabidhiwa orodha hiyohiyo nikawatafute wenzangu mtaani. Nimeshagonga milango mingi Mbagala, Dar es Salaam, na wengi ninaowakuta nyuma ya milango hiyo wana mawazo.

Mawazo ndilo neno letu. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, tunaisoma kwenye mabango. Mtaani mtu atakwambia kichwa kimejaa, mwili hauna nguvu, hajisikii, hata chai haipiti. Ukitaja afya ya akili atakuuliza kama unataka apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nilipimwa mwaka 2014, mimba ikiwa ya miezi minne, nikaanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Kidonge cha wakati ule kilikuwa na efavirenzi, unameza usiku ukilala. Ndoto zake nazikumbuka mpaka leo: nazikwa, nasikia udongo unavyoanguka, nataka kusema niko hai na sauti haitoki. Nikaamini nimerogwa. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa ile inaweza kuleta ndoto kali, kizunguzungu na hata huzuni kwa baadhi ya watu. Mtoto alizaliwa salama, na vipimo vyake vyote mpaka cha mwisho vilisema hana maambukizi. Baba yake aliondoka kabla hajaanza kukaa.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, nyumba ya wapangaji saba, kuta hazifiki juu. Kopo la vidonge hulia likiguswa, na mtaani kwetu sauti ile inajulikana. Nikajaza pamba ndani ya kopo lisilie. Hata hivyo nilikuwa nasubiri jirani awashe redio ndipo nifungue. Fikiria mtu anafanya hivyo kila usiku, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mwaka 2017 nilichukua mkopo wa kausha damu niongeze mtaji wa kukaanga samaki. Samaki wakaadimika, marejesho yakabaki palepale, kila siku jioni mtu yuko mlangoni. Nikawa silali. Nikiona kopo nakumbuka ugonjwa, nikikumbuka ugonjwa namkumbuka mwanamume, nikimkumbuka mwanamume nakumbuka deni. Sikuamua kuacha dawa. Niliacha kama mtu anavyoacha kufagia chumba: leo nimechoka, kesho nitafagia. Ikapita miezi mitatu.

Niliporudi kupima, wingi wa virusi ulikuwa umepanda sana. Muuguzi alinisema mbele ya foleni, akaniuliza kama nataka mwanangu abaki yatima. Niliitikia tu "samahani". Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima, mshauri wa kujitolea, aliyenifuata mpaka getini. Nilimwamkia, akaitika, kisha akauliza, "Mwanangu, unalala?" Nikakaa chini palepale karibu na muuza mihogo nikalia mpaka pua ikaziba. Habari ya vidonge hakuigusa mpaka tulipoonana tena wiki iliyofuata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: anza na usingizi. Mtu anaweza kudanganya kuhusu vidonge kwa sababu anaogopa kugombezwa, lakini usingizi haumtii hatiani. Kisha uliza maswali mawili ambayo hata wahudumu wa afya huanza nayo: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda? Umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Akisema ndiyo, siku nyingi, basi huenda hapo pana ugonjwa, nao unatibika kama malaria inavyotibika. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa sonona huwapata wanaoishi na VVU zaidi kuliko watu wengine, na mwenye sonona huruka dozi, virusi hupanda, mwili hudhoofu, mawazo yanaongezeka. Ukimkemea unampa zigo jingine.

Wazimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nililisikia kwenye semina nikashangaa jinsi lilivyo ndugu na mawazo yetu. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na bibi kumi na wanne waliofundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016: waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na zaidi ya theluthi moja ya walioshiriki walikuwa wanaishi na VVU. Kazi ya bibi ni kusikiliza mpaka mwisho, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua tatizo moja tu la kuanza nalo. Moja. Mimi, kwa yule mama wa getini, nilichagua deni. Alinisindikiza kwa mkopeshaji, tukaomba marejesho yawe ya wiki. Nilipoanza kulala ndipo kidonge kikarudi mdomoni.

Ukiwa wewe ndiye unayemeza, kuna mambo nimeyaona yakiwaangusha watu bure. Wengi hulala bila dozi kwa sababu hawajala. Dawa ya sasa inayotumiwa na wengi wetu, TLD, yenye dolutegraviri, inamezwa hata tumbo likiwa tupu. Usiruke dozi kwa kukosa ugali, na mwambie mhudumu kwamba nyumbani hakuna chakula, hiyo nayo ni habari ya kitabibu. Ikiwa inakukosesha usingizi, uliza kama unaweza kuihamishia asubuhi. Ukiandikiwa dawa ya sonona, haifanyi kazi kama panado. Huchukua wiki kadhaa, na usiiache ghafla ukijiona umepona. Na kila daktari ajue uko kwenye ARV, maana baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, hupunguza nguvu ya dolutegraviri.

Kumwambia mtu siri yako, hapo nenda polepole. Huna deni la kuutangazia ukoo. Chagua mmoja ambaye umeshamwona akitunza siri ya mwingine.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, akikwambia amechoka kuishi, usimwambie ashindwe kwa jina la Yesu ukaondoka. Muulize wazi kama anawaza kujidhuru; kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari, mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Maombi yaendelee, na kituoni aende.

Ninawaambia ndugu na majirani kwa sababu sisi washauri tumepungua. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wenzangu kadhaa waliokuwa wanapewa nauli walishindwa kuendelea. Mtaa niliokuwa nagawana na wenzangu wawili sasa nauzungukia peke yangu, kwa miguu.

Mwezi uliopita kwenye orodha kulikuwa na binti wa miaka ishirini na moja, mtoro wa wiki tisa. Nilimkuta amelala mchana, dirisha limezibwa na kanga. Nilikaa naye karibu saa nzima kabla hajaniambia kwamba shangazi anayeishi naye hajui chochote, na kwamba dawa zake amezificha kwenye mfuko wa unga. Alizitoa nikaziona. Kopo lilikuwa limejazwa pamba. Hatukuzungumza vidonge siku ile, tulizungumza shangazi. Tangu hapo amekuja kliniki mara mbili, amemwona daktari kuhusu kukosa usingizi, na vidonge ameanza tena. Shangazi bado hajaambiwa. Jumatano ana zamu ya kuonana na mshauri, ameniomba nimpitie asubuhi twende wote.