Difu loki ya nyuma: ifunge kabla hujakwama

Dereva mgeni wa pikapu huikumbuka difu loki, yaani kifaa cha kuifunga difu ili matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, gari likishakaa kwa tumbo. Hapo imechelewa: haliinuki kwa swichi, linataka koleo. Loki hufungwa ukiwa bado unaliona tope mbele yako.

Difu ya kawaida, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini, huruhusu matairi mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, maana kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kasoro yake ni kwamba nguvu ya kuzungusha hugawiwa sawa kulia na kushoto. Tairi moja likining'inia hewani huzunguka bure, halidai nguvu. Na lenzake lililo kwenye ardhi kavu hupewa kiasi hicho hicho kiduchu. Gari linanguruma, halisogei. Ukifunga loki, hafushafti zote mbili (vyuma vinavyotoka kwenye difu kwenda kila tairi) zinazunguka kama chuma kimoja, na tairi lenye mshiko ndilo linalosukuma.

Simama, au tambaa kama mtu anayetembea. Kwenye pikapu nyingi loki ya umeme haikubali mpaka uweke fowili ya gia nzito (matairi yote manne yakivuta kwa mwendo wa chini). Kitabu cha gari kitakueleza. Bonyeza swichi, taa itaanza kumweka. Kumweka maana yake meno ya loki hayajaingia, kwa hiyo usikanyage mafuta kwa pupa. Sogea taratibu huku ukichezesha usukani kushoto na kulia mpaka taa itulie. Usibonyeze kamwe tairi moja likiwa linazunguka kwa kasi: meno yanagongana, na hafushafti inaweza kukatika. Usishangae pia taa ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukishika breki) ikiwaka. Magari mengi huizima ABS loki ikifungwa.

Ikishafunga, gari linakuwa kaidi kwenye kona. Usukani unakata, pua inaendelea mbele, kwa hiyo jipange mapema na acha nafasi.

Mahali pa kuogopa zaidi ni mteremko wa ubavuni. Difu ikiwa wazi, tairi moja likiteleza lenzake hubaki limeshika ardhi na kuzuia mkia. Ukiifunga, yote mawili yanaweza kuteleza kwa pamoja, na mkia ukashuka bondeni. Pita hapo bila loki kama inawezekana. Kwenye lami wala usijaribu: matairi yanaburuzika, shafti zinajipinda kwa mkazo.

Ukivuka, zima mara moja. Taa ikiendelea kumweka, loki bado imebanwa na mkazo. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, itaachia. (Kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi kwanza. Mara nyingi hata loki hutaihitaji.)

Mara moja kwa mwezi ifunge na kuifungua kwenye udongo laini, kwa sababu mota ya loki isiyotumika huganda kwa kutu. Matairi ya nyuma yawe ya saizi moja na yamelika sawa, la sivyo loki ikifungwa shafti zitabebana hata ukienda moja kwa moja. Na angalia mpira wa kupumulia wa difu: ukiziba au ukichomoka, difu yenye moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kufyonza maji, kupitia sili au tundu la mpira huo. Fungua nati ya kujazia; oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwage yote.