Kabla hujashika chuma cha kulehemu: kwa vijana wanaoanza redio kaseti za gari

Kijana aliyejifunzia kazi kwenye simu, ukimpa redio kaseti iliyotoka kwenye Peugeot 504, anafungua kifuniko na moja kwa moja anatafuta saketi imeungua wapi. Anapima huku, anapima kule, mita inamwambia kila kitu kizima, na deki haizunguki. Basi nawaambieni mapema nyinyi mnaokuja kujifunza: deki ya zamani inayofika mezani kwetu hapa Unguja, mara nyingi umeme wake hauna neno. Kilichokufa ni mpira wa kuizungusha, grisi na usafi. Transista ya 1975 iliyokaa bila kutumika, leo bado ni transista. Mpira wa mwaka huo huo umeshakuwa lami.

Wenye kuleta ni watu wa namna mbili. Kuna wenye gari za kukodisha maharusi, ambao wanataka dashibodi ionekane kamili na taa yake iwake. Hao ukiwarejeshea chombo kinawaka na kupiga, wameridhika. Na kuna waliorithi gari pamoja na boksi la kanda chini ya kiti: taarabu, kaswida, mawaidha, sherehe ya harusi iliyorekodiwa kwa redio ya mkono na isiyo na nakala nyengine. Hao ndio wa kuwaangalia khasa. Deki ikifa itatafutwa nyengine, lakini kanda ile ikiliwa hakuna duka la kuinunua. Kwa hiyo kwangu kanda ya mteja haiingii kwenye deki yake mpaka kazi imekwisha. Jikusanyie kanda zako za kujaribia, zile ambazo zikiliwa hakuna wa kusikitika. Na ziwe za dakika 60. Za dakika 120 utepe wake ni mwembamba mno, ndio wa kwanza kujizonga kwenye rola.

Tuje kwenye mpira wenyewe. Ukifungua upande wa chini utaona puli ndogo ya mota, gurudumu zito la chuma, na kati yao palipokuwa na mpira pana uji mweusi unaonata. Ule weusi ukigusa kidole, baada ya saa moja utaukuta kwenye shati, kwenye kitasa cha mlango na kwenye kikombe cha chai. Vaa glavu. Toa kwanza mabonge kwa kijiti cha mbao, kisha chukua vijiti vya pamba vya masikioni na spiriti safi, ile ya asilimia 90 na kuendelea, ufute mpaka pamba itoke nyeupe. Usiridhike na kinachoonekana kwa juu: ingia ndani ya mfereji wa puli. Pakibaki punje moja ya lami mle, mpira mpya utakuwa unairuka kila mzunguko na sauti ya muimbaji itayumba.

Kupata kipimo cha mpira mpya wakati wa zamani umeyeyuka, pitisha uzi kwenye njia yake yote, ukate, uulaze kwenye rula, halafu punguza kama asilimia tano. Ukikaza kupita hapo mota inavutwa upande mmoja na bushi zake zinaliwa, na ukilegeza unateleza. Angalia pia umbo lake, kama ulikuwa wa mraba au bapa. Mipira ya kufungia noti wachieni wauza samaki, nimeshaitoa ndani ya deki za watu mara nyingi na kila mara nacheka.

Sasa deki inazunguka, lakini inakula kanda. Hili ndilo lalamiko kubwa, na mafundi wengi wanalikimbilia kwa kubadilisha rola peke yake. Fahamu kwanza kinachotokea. Utepe unasukumwa na mhimili mwembamba wa chuma ukibanwa na rola ya mpira, na kule mbele kuna kigurudumu cha kukusanyia kinachotakiwa kuupokea na kuuviringa. Mhimili hauna habari kama mbele kunapokewa au hakupokewi, wenyewe unasukuma tu. Kigurudumu kikizembea, utepe unamwagika, unarudi nyuma na kujizonga. Kwa hiyo iwashe deki bila kanda, bonyeza kile kitanda cha kukalia kanda kishuke, halafu shika kigurudumu cha kukusanyia kwa ncha ya kidole. Unatakiwa kuhisi kinavuta taratibu na kwa usawa. Kikisimama kama kilichokufa, kamata mpira mdogo unaokizungusha au kile kijigurudumu cha mpira kinachokisukuma, usimlaumu rola. Kikivuta na kuacha, kuna uchafu au bushi kavu. Kidole chako kikishazoea deki nyingi nzima na nyingi mbovu, hapa kitakwambia mambo kuliko mita.

Rola nayo isiwe inang'aa kama kioo. Mimi naifuta kwa maji na tone la sabuni, naiacha ikauke. Ikiwa imepasuka au ina bonde, badilisha. Grisi ya zamani inageuka nta, ikwangue yote kabla ya kutia mpya, na kwenye bushi ya mhimili tone moja la mafuta mepesi linatosha. Dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu usiipulize mle ndani hata kwa dawa.

Hedi, ile inayosoma sauti kwenye utepe, inafutwa kwa spiriti hiyo hiyo, kwa upole, mpaka ule udongo wa kahawia wa kanda uondoke. Bisbisi yenye sumaku isiikaribie, maana hedi ikishika sumaku inaanza kutia kelele na kufuta sauti nyembamba za kanda unayoipiga. Pembeni ya hedi utaona skrubu yenye springi, ya kuiweka hedi sawa na utepe, na mara nyingi ina tone la rangi juu yake. Rangi ile imetiwa kiwandani kwa makusudi. Ukiikuta nzima, iache. Ukikuta imevunjwa, kuna fundi aliyepita kabla yako, na hapo itabidi urekebishe: piga kanda nzuri yenye kayamba au matari, zungusha kidogo kidogo, simama pale sauti kali zinaposikika wazi kabisa. Deki inayojigeuza yenyewe sikiliza pande zote mbili kabla hujasema tayari, kwa sababu ukiunufaisha upande mmoja unaweza kuuharibu wa pili.

Mwendo wa kanda ni sentimita 4.76 kwa sekunde, na hapo wapenzi wa taarabu hawadanganyiki. Tofauti ya asilimia sita ni karibu nusu sauti nzima kwenye kinanda. Mzee aliyeisikiliza nyimbo ile miaka arubaini atakwambia, "Huyu si yeye," na atakuwa na haki. Tafuta kanda ya majaribio yenye mlio wa hezi 3,000 au 3,150, iweke simu karibu na spika ikiwa na programu ya kupima masafa, uone inasoma ngapi. Nyuma ya mota nyingi kuna kitundu, ndani yake skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza mwendo. Lakini usiiguse kabla hujamaliza habari ya mpira na mafuta, la sivyo utakuwa umerekebisha ubovu badala ya mwendo. Kisha jaribu kwa volti 12 na kwa 14, kwa sababu injini ikiwaka umeme unapanda. Mwendo ukibadilika pamoja na volti, kidhibiti cha mota kimechoka.

Haya, sasa shika chuma cha kulehemu. Kapasita za mkebe ndizo zinazozeeka: ya njia ya umeme ikikauka, deki inavuma, ya kwenda kwenye spika ikikauka, besi inapotea. Tia yenye mikrofaradi sawa, volti isishuke chini ya 16, mimi napenda 25, na uchague ya nyuzi 105 kwa sababu chini ya dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani Forodhani ni tanuri. Soketi na plagi zilizoota kutu ya kijani zisugue au zibadilishe. Chumvi ya bahari yetu haiulizi gari ni ya mwaka gani.

Kurudisha ndani ya gari ndipo watu wanapounguza kazi ya wiki nzima. Philips ilileta kaseti mwaka 1963, na redio kaseti ya gari ikafuata 1968. Kwa hiyo Morris Minor ya 1960 ikija na deki, jua ilitiwa baadaye na mtu, na nyaya zile ni mawazo yake, hazikutoka kiwandani. Na gari nyingi za Kiingereza za miaka hiyo bodi yake imefungwa kwenye chanya ya betri, si kwenye hasi. Deki ya kawaida ina hasi kwenye mkebe wake. Ukiifunga kwa skrubu kwenye bodi ile ukaiunganisha kama ulivyozoea, umeipa umeme kinyume. Pima kila mara: waya mmoja wa mita kwenye bodi, wa pili kwenye kila ncha ya betri kwa zamu, hata kama mwenye gari anaapa. Redio nyengine za zamani zina swichi au plagi ya kugeuza, itafute kwanza. Kama haipo, mwambie mwenye gari achague baina ya kugeuza mfumo wa gari nzima, kazi ya fundi umeme wa gari pamoja na dinamo yake, au kuitenga deki na bodi. Anayechagua kutenga akumbuke na waya wa antena, maana ganda lake nalo linagusa bodi.

Spika za gari kongwe mara nyingi zina waya mmoja, wa pili ni bodi. Ukitia deki ya miaka ya 1980 au 1990 yenye nyaya mbili kwa kila spika, pitisha nyaya mbili mpya mpaka kwenye spika. Ukiugusisha mmoja na bodi utaiunguza IC, yaani chipu, ya kukuza sauti, na hiyo hupatikana kwa shida. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta unatoka kwenye kuchaji. Mkwaruzo unaofuata plagi za injini unatoka kwenye koili. Anza na hasi safi ya deki yenyewe kabla ya kununua vichujio.

Atakuja na mwenye Toyota au Nissan iliyoingia moja kwa moja kutoka Japani, akidai redio yake mbovu kwa kuwa haishiki stesheni nyengine. Masafa ya FM ya Japani yalianzia 76 na kuishia 90, yetu yanakwenda mpaka 108. Redio yake nzima, haikuzaliwa kwa ajili ya hapa. Mueleze, usimtoze.

Na mteja akitaka apigie nyimbo za simu, kubali, ila usikate dashibodi. Ficha kikuza sauti kidogo chini ya kiti, deki ibaki pale ilipo ikipiga kanda. Mimi kazi ya kukata tundu la deki ya kisasa kwenye dashibodi ya Datsun ya 1972 naikataa, na anayeitaka aende kwengine.

Bei patana baada ya kufungua na kuangalia, siyo mlangoni. Chukua malipo ya mpira na kapasita mbele, kwa sababu vyengine utaagiza Dar es Salaam na vyengine mtandaoni, na vitachukua muda. Vipuri vya zamani vilivyotoka vitie kwenye mfuko umpe mwenyewe, umuoneshe na ile lami. Atalipa bila maneno mengi.