Usifungue mjadala wa darasa kabla hujajua unataka kusema nini

Ukisoma kwa masafa ukiwa huku Kigoma, wenzako wa darasani wametawanyika Dodoma, Mtwara na Pemba, na mnakutana kwenye jukwaa la majadiliano la chuo. Nimesoma hivyo huku nafanya kazi na nalea watoto. Kila anayeanza namwambia hili kwanza: ingia ukiwa tayari una lako la kusema.

Wengi huanza na kusoma. Mtu anakuta uzi wa mjadala una michango arobaini, anaifuata wa kwanza hadi wa mwisho, bando linayeyuka na usiku unakwenda. Akifika zamu ya kuandika anaona kila kitu kimeshasemwa, basi anaweka "naunga mkono hoja" na kuondoka. Hapo mwalimu hana cha kusahihisha, na yeye mwenyewe hana alichojifunza.

Mara ya kwanza ingia kwa dakika chache tu. Nakili swali kwenye daftari, angalia tarehe ya mwisho na vigezo vya maksi, toka. Tembea na swali hilo kutwa nzima, kazini na sokoni. Jioni soma kurasa zinazohusika, kisha andika jibu lako pembeni, kwenye daftari la simu, ndipo ulihamishie jukwaani. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma katikati ya sentensi, kazi yako bado unayo.

Vyuo vingi vinatumia Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, na humo kuna mambo ambayo hakuna anayekuambia. Kuna aina ya mjadala ambayo huoni majibu ya wenzako mpaka uweke la kwako. Ukiona ukurasa mtupu, usidhani simu imeharibika. Ukishatuma, kwa kawaida una dakika 30 za kurekebisha, isipokuwa chuo kimebadilisha muda huo, kwa hiyo soma tena ulichoandika papo hapo. Na kama barua pepe zinakumiminikia kila mtu anapochangia, nenda kwenye mipangilio ya jukwaa uchague kupokea muhtasari mmoja kwa siku. Hilo tu litakuokolea muda mwingi.

Ukishaweka lako, sasa soma ya wenzako, lakini chagua. Tafuta mchango mmoja au miwili yenye jambo la kweli, uujibu kwa undani. Tuseme swali ni kwa nini mkulima mdogo huuza kwa bei ya kutupa mara tu baada ya mavuno. Wengi watanukuu moduli. Wewe wa Kigoma unayajua mawese: msimu chikichi zinapoiva kwa wingi, kila mkamuaji anapeleka madumu sokoni wakati mmoja kwa sababu ada ya shule haingoji, na mwenye mtaji ananunua, anahifadhi, anauza yakiadimika. Andika hivyo, kisha muulize mwenzako wa Mtwara kama kwenye korosho mambo yanakwenda namna hiyo hiyo. Mjadala unaanzia hapo, maana sasa ana sababu ya kukujibu.

Maswali nayo yana namna ya kuulizwa. "Mwalimu, sijaelewa mada ya tatu" linamlazimu mwalimu abahatishe. Afadhali useme: "Mwalimu, shikamoo. Ukurasa wa 41, mfano wa pili, sijaona kwa nini tumegawanya kabla ya kujumlisha. Mimi nimepata 18, kitabu kina 12." Swali la namna hii hata mwanafunzi mwenzako anaweza kulijibu usiku huo huo. Ila kwanza tumia kisanduku cha kutafuta, huenda limeshajibiwa.

Tafadhali, maswali ya masomo yasiishie kwenye kundi la WhatsApp. Kundi linafaa kwa kukumbushana tarehe, lakini maelezo mazuri yanazama humo chini ya salamu na rambirambi. Jukwaani yanabaki chini ya mada yake, na wiki ya mtihani unayarudia.

Na mwenzako akikosea, usimwache wala usimuaibishe. "Ndugu yangu, hapa naomba nitofautiane nawe" inatosha. Taja sentensi yake unayoipinga, toa sababu, onyesha ukurasa. Akikujibu, rudi umsome.