Maswali ya Wasomaji: Vitu vya watoto vya mtumba mtandaoni

SWALI: Nimebakiza miezi miwili kujifungua. Kuna mtu ametangaza mtandaoni kitanda cha mtoto, kigari cha kusukuma na kiti cha gari, vyote vimetumika, na anataka viondoke kwa pamoja kwa nusu ya bei ya dukani. Picha zinapendeza. Nichukue?
*Mama mtarajiwa*

JIBU: Hongera, mama. Kitanda na kigari unaweza kuchukua ukishavikagua. Kiti cha gari kiache, hata akikupa bure.

Shida ya kiti ni kwamba historia yake haionekani. Kikishakuwa ndani ya gari lililogonga, plastiki na sponji ngumu iliyo chini ya kitambaa vinaweza kupasuka ndani kwa ndani, huku nje kikibaki king'aavu. Muuzaji mwenyewe huenda hajui, hasa kama naye alikinunua kwa mtu. Kitu pekee cha kubadili uamuzi huu ni kukipata kwa ndugu au rafiki unayejua kwa hakika kwamba hajawahi kupata ajali. Hata hapo, kigeuze usome tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye plastiki chini au mgongoni, kwa kuwa watengenezaji wengi hukipa maisha ya miaka 6 hadi 10. Kikiwa na lebo ya Ulaya ya rangi ya chungwa yenye R44, yaani kiwango cha usalama wa viti vya watoto, namba ya idhini ianze na 03 au 04. Zinazoanza na 01 au 02 zilishakatazwa kutumika Ulaya tangu 2008. Lebo ya R129 ni ya kiwango kipya zaidi. Kisicho na lebo wala kitabu cha maelekezo hakifai.

Sasa kitanda. Kabla ya kupanga safari, mwombe muuzaji picha tatu: fito za ubavuni zikiwa na rula, viungio vya pembeni kwa karibu, na mfuko wa skrubu. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Ukifika bila rula, jaribu kwa kopo la kawaida la soda: likipita, kitanda hicho si cha mtoto wako. Ubavu wa kushusha na kupandisha ukatae moja kwa moja. Marekani ilipiga marufuku vitanda vya aina hiyo mwaka 2011, kwa sababu vishikizo vikilegea ubavu huchomoka upande mmoja na kuacha mwanya unaobana kichwa au shingo ya mtoto.

Kila tundu liwe na skrubu yake ya asili. "Utatafuta tu nyingine dukani" ni maneno ya mtu anayetaka mzigo utoke nyumbani kwake: skrubu fupi kidogo tu hushika siku ya kwanza, kisha mbao inaliwa na kiungio kinacheza. Rangi inayobanduka kwenye kitanda cha zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na ukiikwangua ikiwa kavu unaijaza nyumba vumbi lenye sumu. Huo si mradi wa mjamzito.

Godoro nunua jipya, kwa vipimo vya ndani ya fremu. Vidole viwili vikiingia kati ya godoro na ubavu, ni dogo mno. Kwa hiyo kabla ya kusema umeokoa nusu ya bei, jumlisha godoro, usafiri na vipuri. Kuna vitanda vya mtumba ambavyo hesabu ikishakamilika vinakaribia bei ya kipya.

Kigari ni rahisi zaidi. Omba video fupi ya kukikunja na kukikunjua, maana kufuli ya fremu ndiyo huchakaa kwanza. Ukikifikia, kikunjue, kandamiza mpini kwa nguvu uone kama kitajikunja, kisha funga breki ukisukume: magurudumu yasizunguke. Mikanda iwe mitano, ya mabega, kiuno na katikati ya miguu. Tairi iliyokwisha isikutishe, saizi yake imeandikwa ubavuni na hubadilishwa.

SWALI: Muuzaji anataka nimtumie advansi "ya kushikia" kwa sababu wateja ni wengi. Nitume?

JIBU: Hapana. Mwombe apige picha mpya ya kitu hicho pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mzigo ataipiga kwa dakika mbili, tapeli ataanza visingizio. Kutana naye mchana penye watu, kagua, ndipo ulipe. Na akikuomba namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, eti athibitishe malipo, mazungumzo yaishie hapo.

SWALI: Je, mabunda ya nguo za watoto yana faida?

JIBU: Ya mwaka wa kwanza, sana. Mtoto huongezeka takriban sentimita 25 mwaka huo, kwa hiyo nguo humwacha kabla hazijachakaa. Mwaka wa pili anaongeza kama 12 tu na anashinda sakafuni, ndiyo maana suruali za saizi 80 hadi 92 uombe picha ya magoti kwanza. Saizi hizo ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Zifuate kuliko miezi, kwa kuwa "miezi 12" ya kampuni moja ni miezi 9 ya nyingine. Tazama pia shingoni: doa la maziwa lililooshwa hurudi na unjano likikaa kabatini. Kamba za kofia za majaketi zichomoe, huweza kumnyonga mtoto zikinasa.

Bunda likija na midoli, anza na ya betri. Betri bapa za duara zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2 tu. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu, mdoli huo usiingie ndani.