Babu hataki kwenda mnarani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Babu yangu alipigana Vita vya Kagera akiwa mgambo. Kila Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tunamsihi aende mnarani, anagoma. Tumlazimishe? – Mjukuu, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwacheni mzee! Mkuki, ngao na mashada huwekwa kwa ajili ya waliokufa. Yeye yu hai, na baridi ya Julai huko Tukuyu mnaijua, magoti yake ndiyo yanayoumia. Mnunulieni koti zito, mfuatilie na bima yake ya afya. Hiyo ndiyo heshima ninayoielewa mimi. Jioni, chai ikiwa mezani, mwulize walifikaje Kampala, iliyotekwa 11 Aprili 1979. Uwe na daftari. Akikosea tarehe, usimkatize.