Si lazima uwe daktari kutafiti saa ya mwili

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu wa baiolojia, asiye daktari, anaweza kutafiti magonjwa ya akili kupitia saa ya mwili, yaani utaratibu wa ndani unaopanga kulala na kuamka kwetu. Anaweza, tena vizuri tu. Mtazame Colleen McClung wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Hakuanzia wodini, alianzia kwa nzi wa matunda pale Virginia: akiwapa mvuke wa kokeini kidogo, wanajipangusa bila kukoma.

Kisha akaenda Dallas, akahamia kwa panya. Mwaka 2007 yeye na wenzake walionyesha kuwa panya wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo Clock, mojawapo ya zinazoendesha saa ya mwili, wanafanana na mgonjwa wa bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno) aliyepandwa na mori: hawatulii, wanalala kidogo, hawaogopi pa kuogopwa. Walipotiliwa lithiamu, dawa ya bipola, kwenye maji ya kunywa, tabia nyingi zikarudi karibu na kawaida. Na waliporudishiwa jeni isiyo na hitilafu kwenye kijisehemu cha ubongo chenye seli za dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamasa), baadhi ya dalili zilipungua. Mimi hapo ndipo nilipovutiwa.

Kwa hiyo usiache digrii yako ukakimbilie udaktari. Kazania takwimu na jenetiki. Na kama huwezi kukesha, fikiria mara mbili, maana panya huamka sisi tukilala.