Vidole vyangu na vidonge vya uyoga

SWALI: Shikamoo mama mfamasia. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46, na huu ni mwaka wa sita nina baridi yabisi. Nikiamka vidole vimekakamaa, mkasi haushikiki mpaka saa nne. Nameza diklofenaki kila siku, tramadoli usiku, na predinisoloni niliyoandikiwa zamani. Mpwa wangu yuko Denver. Anasema kuna uyoga wa njozi, unaomfanya mtu aone yasiyokuwepo, unaotuliza uvimbe, na mwenzake anayekuja Desemba ataniletea vidonge. Ameniambia niache kwanza dawa zote. Nifanyeje?
Fundi, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, predinisoloni usiiache ghafla. Mwili uliozoea kuipata kwa vidonge huacha kujitengenezea homoni yake ya kutosha. Ukikatisha siku moja, presha inaweza kushuka ukaanguka, na wapo waliokufa hivyo. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akikufuatilia.

Mpwa wako hakudanganyi, ila ameruka hatua nyingi. Mwaka 2008 maabara ya Charles Nichols kule New Orleans ilichukua seli za mshipa mkubwa wa damu wa panya, ikazichokoza kwa TNF, ile kemikali ya kinga ya mwili inayowasha moto ndani ya viungo vyako. Kisha wakazitilia DOI, kemikali ya jamii hii ya dawa za njozi, kwa kiasi kidogo mno, na ule moto ukazimika. Mwaka 2015 wakaonyesha panya wenye pumu wakipata nafuu kwa dawa hiyohiyo. Mimi niliposoma habari hizo nilifurahi kwelikweli, maana dawa hizi hupitia kipokezi cha serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya seli, njia tofauti kabisa na ya diklofenaki. Lakini hao ni panya. Tena ilipofika 2021 watafiti haohao walikuta kwamba si kila dawa ya njozi inazima uvimbe. Nyingine zinaleta njozi na uvimbe unabaki palepale.

Kwa binadamu, kilichopimwa zaidi ni maumivu. Mwaka 1964 Eric Kast wa Chicago aliwapa LSD, dawa nyingine ya njozi, wagonjwa 50 mahututi, na ikawatuliza kwa muda mrefu kuliko dawa kali za maumivu za wakati ule. Mwaka 2021, Maastricht, Uholanzi, watu 24 wazima wa afya walitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali. Waliopewa mikrogramu 20 za LSD walivumilia muda mrefu zaidi, kama asilimia 20 hivi. Sasa angalia: mkono ndani ya maji baridi si kiungo chenye baridi yabisi. Maumivu yakinyamazishwa na uvimbe ukaendelea, kiungo kinazidi kuliwa.

Hilo nimeliona nyumbani kwetu. Mama yangu alipewa dawa za kutuliza maumivu miaka tisa, basi. Alikuwa akisema "leo sijambo", huku vidole vinalala upande wa kidole cha mwisho, kimoja baada ya kingine, mpaka akashindwa kukuna nazi. Hakuna aliyemwandikia dawa ya kuzuia ugonjwa wenyewe. Mpaka leo linaniuma.

Dawa hiyo ipo, inaitwa methotrekseti. Humezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki na si kwa siku, pamoja na foliki asidi, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini. Ukiwa na mpango wa kuzaa, mwambie daktari kabla hujaanza, kwa sababu inadhuru mimba. Kwenye barua yako sikuiona, na hicho ndicho kilichonishtua kuliko habari ya uyoga.

Vidonge vya Denver usivipokee. Tramadoli nayo inapandisha serotonini na inaweza kuleta degedege. Ukichanganya na kidonge usichojua kina nini na kiasi gani, usiku, peke yako, hakuna wa kukuokoa. Wapiga kura wa Colorado, jimbo lenye Denver, waliuruhusu uyoga huo mwaka 2022, lakini mkataba wa kimataifa wa 1971 unaiweka kemikali yake ya njozi, silosaibini, kwenye kundi la dawa zilizobanwa kuliko zote. Mgeni wako anaweza kukamatiwa uwanja wa ndege, nawe ukaitwa kueleza.

Nenda hospitali ya Bombo, uombe kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Chukua maboksi yote ya dawa unazomeza. Mweleze pia kama tumbo linakuchoma au choo kinatoka cheusi, maana diklofenaki na predinisoloni pamoja zinaweza kutoboa tumbo. Uliza kipimo cha damu cha RF, kinachosaidia kutambua baridi yabisi, na picha ya eksirei ya mikono. Na siku hiyo toka alfajiri, uwe wa kwanza kwenye foleni, vidole vikiwa bado vimekakamaa, avione hivyohivyo. Ukichelewa mpaka saa nne vitakuwa vimelainika, na atakuandikia diklofenaki nyingine.